Kyoto: mahekalu nenda mwenyewe, mitaani mlipe mtu akutembeze

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama msafiri akifika mji wa kale ugenini amlipe mwongoza watalii wa peke yake, au simu na miguu vinamtosha. Nitajibu kwa mji mmoja, Kyoto wa Japani, maana huo nimeuzunguka kwa njia zote mbili nilipokuwa mji wa Kobe kwa mafunzo. Treni ya haraka haichukui hata saa nzima kufika. Jibu langu ni kwamba mlipe, lakini usimlipe akupeleke kwenye mahekalu maarufu. Mlipe akutembeze mitaani.

Najua sisi wa Unguja swali hili linatugusa pabaya. Mtu aliyekua Mji Mkongwe akiona papasi, wale wanaojipachika uongozaji, wanavyomganda mgeni tangu bandarini, akisikia habari ya mwongozaji hushika mfuko wake kwanza. Japani hakuna wa kukufuata njiani. Shida ya kule ni kinyume: hakuna anayekusemesha, kila njia ina mshale, kila foleni imepangwa, na unaweza kuondoka umeona yote yaliyomo kwenye kadi za posta bila kujua ulikuwa wapi.

Kwanza niseme pale usipomhitaji. Hekalu la dhahabu, Kinkakuji, lina mlango wa kuingilia na wa kutokea; umati unakusogeza hadi ukingoni mwa bwawa, unapiga picha, unapisha wengine. Jumba lenyewe mtawa kijana alilichoma moto mwaka 1950, likajengwa upya 1955. Hilo nimekupa bure, na mwongozaji asingeweza kuongeza mengi huku mmebanana mabega. Fushimi Inari, mahali pa ibada penye maelfu ya malango mekundu yanayopanda mlima, hakuna kiingilio na hapafungwi. Nenda alfajiri peke yako. Hekalu la Kiyomizu hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kasri la Nijo, la mwaka 1603, utakodi kifaa cha maelezo cha kuweka sikioni, na sakafu zake zinazolia kama ndege kila ukikanyaga hazihitaji mfasiri.

Mitaa ndiyo isiyojieleza. Kyoto ilikuwa mji mkuu kuanzia mwaka 794, kwa zaidi ya miaka elfu, lakini ni mji ulioungua mno. Vita vya Onin, vya wenyewe kwa wenyewe, 1467 hadi 1477, viliuacha majivu. Mwaka 1788 moto ukala sehemu kubwa ya mji, na 1864 mapigano karibu na kasri la mfalme yakawasha mwingine. Vita vya Pili vya Dunia viliugusa kidogo tu. Waziri wa vita wa Marekani, Henry Stimson, ndiye aliyeuondoa kwenye orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki. Wenyeji wana mzaha wao kwamba mtu wa Kyoto akisema "vita vile vya juzi" anamaanisha vya Onin. Kwa hiyo mengi ya kale hayapo tena kwa macho. Yamebaki katika mpango wa barabara, katika vijiwe vya kumbukumbu vilivyoandikwa Kijapani tupu, na katika mazoea ya watu wanaoishi pale.

Mwongozaji wangu alikuwa mama mstaafu, zamani mwalimu, mwenye mwendo wa kunitoa jasho. Kabla ya kunionesha chochote alinifundisha anwani. Barabara za katikati ya mji zimekatana mraba, kwa kuiga Chang'an, mji mkuu wa Uchina wa zama zile. Mahali hutajwa kwa njia panda, kisha unaambiwa upande, maana yake uelekee kaskazini kulikokuwa na kasri, au ushuke, ndio kusini, au uingie mashariki ama magharibi. Watoto wa pale hukariri majina ya barabara kwa wimbo. Haikupita robo saa nikawa natembea bila kuchungulia ramani, na kwa hilo peke yake nadhani nusu ya pesa yangu ilikuwa imerudi.

Kisha akanisimamisha mbele ya nyumba ya mbao, mlango mwembamba lakini nyumba yenyewe inakwenda ndani hadi usione mwisho, akasema nitazame juu ya kipaa cha mbele. Alisimama pale mtu wa udongo wa kuchoma, shubiri moja na kitu, ndevu zimetimka, macho yamemtoka, upanga mkononi. Ni Shoki, mfukuza mashetani ambaye asili yake ni Uchina. Inasimuliwa kwamba muuza dawa mmoja aliweka juu ya paa lake kigae chenye uso wa zimwi. Mashetani yaliyofukuzwa pale yakavuka njia, yakamwangukia mke wa nyumba ya mkabala, akaugua. Jamaa zake wakaenda kufinyangiwa Shoki, wakamweka amkodolee macho zimwi yule, na mgonjwa akapona. Toka hapo kila mtu akataka wake. Ukitazama vizuri utaona wengine wamegeuzwa upande kidogo, wasije wakatazamana ana kwa ana na Shoki wa jirani na kuanzisha ugomvi mpya. Nilikuwa nimepita mitaa ya namna ile mara nyingi tu, na sikuwahi kuinua shingo.

Chini ya ukuta mwingine, usawa wa goti, palikuwa na kilango kidogo chekundu cha torii, mfano wa malango yale ya Fushimi Inari. Nikauliza kama ni mahali pa kuombea. Mama akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka. Kile ni cha kuwazuia wanaume wanaotoka kunywa usiku wasiukojolee ukuta. Kwetu tunaandika kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA FAINI 50,000, na watu wanayakojolea maandishi yenyewe. Wao wanaweka alama ya kitu kitakatifu, mlevi anasita. Nikamuuliza kama kinasaidia. Akaniambia niuguse ukuta.

Sasa niseme kilichonifanya nimtafute yeye. Nilikuwa nimemwandikia mapema kwamba natoka Afrika Mashariki na nataka kuona alipopita Yasuke. Kwa asiyemjua: Yasuke ni Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na padri Alessandro Valignano wa shirika la Wajesuiti. Kitabu cha Mjesuiti mwingine, cha mwaka 1627, kinasema alitoka Msumbiji. Machi 1581 alipoingia Kyoto watu walisongamana kwenye nyumba ya mapadri kumtazama hadi wengine wakaumia. Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyekuwa na nguvu kuliko wote wakati ule, aliagiza aletwe, akaamuru aoshwe akidhani amepakwa rangi, kisha akamchukua kuwa mtu wake. Shajara ya bwana mmoja wa zama hizo inampa urefu wa kama mita 1.88.

Ukimtafuta Yasuke kwa simu utapelekwa hekalu la Honnoji kwenye barabara ya maduka ya Teramachi. Ni hekalu zuri, na Nobunaga ana mahali pake pa kumbukumbu humo, lakini Yasuke hakulijua. Honnoji ya siku ile iliteketea Juni 1582, alfajiri ambayo jemadari wake Akechi Mitsuhide alimgeuka na Nobunaga akajiua ndani. Toyotomi Hideyoshi, aliyeshika nguvu baada ya Nobunaga, ndiye aliyelihamishia lilipo sasa, kama miaka kumi baadaye. Mahali penyewe ni mwendo wa kuelekea magharibi, karibu na barabara za Aburanokoji na Takoyakushi zinapokutana, mtaa mkimya wa nyumba za kuishi. Kuna jiwe la kumbukumbu pembeni mwa nyumba ya kulelea wazee, na baiskeli zimeegeshwa hapo. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochimbua jirani yake mwaka 2007 walikuta mabaki ya handaki na vigae vilivyoungua. Mimi ningepita nikidhani ni nguzo ya mpaka wa kiwanja.

Kutoka hapo tukafuata Takoyakushi kuelekea mashariki, dakika chache tu kwa miguu, hadi karibu na barabara ya Muromachi. Jiwe jingine tena, dogo. Hapo ndipo lilipokuwa kanisa la Wajesuiti. Yaani mapadri waliomleta na hekalu alimofia bwana wake walikuwa majirani wa kusikiana kengele. Kwenye vitabu nilikuwa nimesoma majina hayo mawili bila kuona kwamba ni hapa na pale. Mama akaniambia picha ya kanisa lile ipo kulekule Kobe nilikokaa, kwenye makumbusho ya mji, imechorwa juu ya karatasi ya upepeo na Kano Soshu.

Akanieleza njia aliyoipita Yasuke asubuhi ile. Alipotoka Honnoji alikimbilia alikokuwa mtoto wa Nobunaga, Nobutada, upande ambao leo kuna makumbusho ya manga, vitabu vya katuni vya Kijapani, akapigana mpaka akatakiwa kusalimisha upanga, akautoa. Akechi alipoulizwa afanywe nini, alijibu kwamba mtu mweusi ni mnyama asiyejua kitu, na tena si Mjapani, wasimuue, wampeleke kwa mapadri. Maneno hayo yamo kwenye barua ya padri Luís Fróis. Mama yule aliyatamka yalivyo, hakuyapunguza makali, akanyamaza kidogo ili niyasikie. Kisha akaendelea: wengine wanasema Akechi alitafuta kisingizio cha kumwokoa, lakini kilichoandikwa ni hicho. Na hapo akaweka mstari. Kwamba Nobunaga alimpa Yasuke posho, nyumba na upanga mfupi, imo katika nakala moja ya kumbukumbu za Nobunaga. Yale mengine yanayoongezwa kwenye filamu na michezo ya kompyuta, akasema, waulizwe waliotengeneza. Mwongozaji anayejua kusema "hapa maandishi yanaishia" ndiye wa kumtafuta. Yule niliyekuwa naye siku nyingine, kwenye kundi la watu wa mataifa yote wakifuata kibendera, alikuwa na jibu la kila swali, na kila jibu lilikuwa na samurai ndani.

Faida nyingine ni ndogo lakini uitazame. Gion, mtaa wa nyumba za chai, una vichochoro ambavyo ni mali ya wakazi, na tangu 2024 watalii wamekatazwa kuvipita. Mabango yanataja faini ya yeni 10,000. Barabara kuu ya Hanamikoji ni ya umma, ruhusa. Wageni walichosha watu kwa kuwakimbilia na kamera maiko, mabinti wanaojifunza kazi ya geisha. Ukiwa na mwenyeji hukanyagi pasipo pako, na yeye ndiye anayekuambia tusubiri hapa, mpe binti nafasi apite.

Na chakula. Anayeepuka nguruwe na pombe ajue kwamba mchuzi wa tambi unaoonekana safi kabisa mara nyingi umetiwa mirin, kileo kitamu cha kupikia. Mama aliingia jikoni kwa mwenye duka, wakanong'ona, akatoka akatikisa kichwa. Tukahamia kwingine tukala tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa, ya moto, iliyochemshwa kwa mwani wa bahari ya baridi ya Hokkaido, kwa chumvi na tangawizi. Tofu nimeila, sitawadanganya kwamba naiota.

Kuhusu fedha: mwongozaji mwenye leseni kwa siku nzima hufika makumi ya maelfu ya yeni, juu yake nauli yake na viingilio vyake unalipa wewe. Ila bei ni ya kundi, si ya kichwa, kwa hiyo mkiwa wanne mnagawana. Mchukue nusu siku. Siku nzima miguu inachoka na masikio yanachoka zaidi. Leseni hutolewa kwa mtihani wa serikali katika lugha kumi za kigeni, na Kiswahili hakimo, basi jiandae kwa Kiingereza au Kifaransa chako. Tangu Januari 2018 sheria inamruhusu hata asiye na leseni kuongoza kwa malipo, alimradi asijiite mwenye leseni, hivyo uliza. Asiye na uwezo kabisa atafute vikundi vya waongozaji wa kujitolea vinavyotambuliwa na shirika la utalii la Japani. Hao utawalipia nauli, kiingilio na chakula tu. Lakini nani atakayekupata, na anajua nini, hapo ni bahati yako.

La muhimu kuliko bei ni kumwandikia mapema ukamtajia jambo moja unalolitaka: vitambaa vya Nishijin, nyumba za mbao, Yasuke, chochote. Mama yule alikuja na ramani aliyoichora mwenyewe kwa sababu ya barua yangu.

Bahashishi usitoe, si desturi yao, utamtia haya. Zawadi ndogo kutoka kwenu inapokelewa kwa mikono miwili. Mimi nilimpa kifuko cha karafuu za Pemba. Akanusa, akasema harufu ile anaijua tangu utotoni kwa babu yake, maana panga za Kijapani hupakwa mafuta ya karafuu zisishike kutu. Muda wetu ulikuwa umekwisha, lakini tulikaa kituoni nusu saa nzima akinieleza upanga unavyofutwa, na hiyo hakuitoza.