Naimba kwaya Jumapili, Jumatatu napima kwa kisado kilichogongwa: Mungu anapokea ibada yangu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Mbeya, biashara yangu ni viazi, nanunua shambani kwa wakulima nauza sokoni. Kanisani naimba kwaya, sauti ya kwanza, na kwenye maombi huwa nalia kabisa sio kuigiza. Shida iko kazini. Shambani tunanunua kwa lumbesa, na sokoni kisado changu cha kupimia kimegongwa kitako kikaingia ndani, kama cha wenzangu wote tu. Juzi tulikuwa tunaimba wimbo wa toba nikashindwa kumalizia ubeti, nawaza kile kisado. Je Mungu anapokea ibada yangu au najichosha? Niache kwaya kwanza mpaka nijirekebishe? Na wateja niliowapunja nitawarudishiaje wakati hata siwajui?

JIBU: Amina dada, asifiwe sana. Nimesoma meseji yako mara tatu na nakushukuru kwa kutozungusha maneno, maana wengi wakiniuliza habari za unafiki huwa wanamuulizia mtu mwingine.

Kwanza hilo la kulia. Machozi yako mimi siyatilii shaka hata kidogo. Tunapenda kudhani mtu anayepunja sokoni basi kanisani anaigiza, lakini Biblia haisemi hivyo. Fungua Amosi sura ya 8 uwaone wale wafanyabiashara wa Israeli enzi za mfalme Yeroboamu wa Pili, karne ya 8 kabla ya Kristo. Wale watu sabato walikuwa wanaishika! Duka limefungwa, wamekaa ibadani, ila kichwani wanauliza sikukuu ya mwezi mpya itaisha lini tukauze nafaka, tupunguze efa tuongeze shekeli. Sasa efa ilikuwa kipimo cha nafaka, lita 20 na kitu kwa makadirio ya wengi, yaani debe dada yangu, debe kabisa. Na shekeli ni jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, wakalifanya zito ili alipe zaidi. Kwa hiyo Amosi, ambaye alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa na wala hakusomea unabii mahali popote, hakutumwa kwa wapagani, alitumwa kwa watu wa kwaya kama wewe na mimi, na ujumbe aliopewa unauma: "Niondolee kelele ya nyimbo zako, kwa maana sitaki kuisikia sauti ya vinanda vyako." (Amosi 5:23) Hakusema wanaimba vibaya. Pengine waliimba vizuri kutushinda.

Halafu kuna kitu kwenye swali lako umekipita haraka nikaona nirudi nacho. Kwenye kisado umejieleza vizuri, kwenye lumbesa umesema tu "tunanunua kwa lumbesa" ukaendelea. Soma Kumbukumbu la Torati 25:14, inakataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Kwa nini viwili? Kikubwa cha kununulia, kidogo cha kuuzia! Lumbesa ndiyo hiyo, gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linakuwa kama gunia moja na nusu, mkulima analipwa la moja, halafu viazi hivyo hivyo vinatoka kwa kisado kisichojaa. Serikali yenyewe inaikataza lumbesa, Wakala wa Vipimo wanaipigia kelele kila msimu, hilo unalijua kuliko mimi. Ila mimi nakwambia kwa habari ya yule mzee ambaye amepanda, amepiga dawa, amechimba na jembe, halafu anasimama pembeni anaangalia gunia linashindiliwa na hawezi kusema kitu kwa sababu akisema mtaenda shamba la jirani. Yakobo 5:4 inasema kilio cha wavunaji kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi, kwa hiyo wewe ukiwa unaimba, na yeye sauti yake iko huko huko.

Sasa uache kwaya? Hapana, na naomba unisikilize vizuri hapa. Yesu anasema kwenye Mathayo 5 ukiwa unaleta sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, nenda ukapatane naye kwanza, kisha urudi uitoe. Wengi tunasikia "iache" tunafikiri ni kuacha ibada. Sadaka haijarudishwa nyumbani, imebaki pale pale inakusubiri! Na ujue waliokuwa wanamsikiliza walikuwa Galilaya, hekalu lipo Yerusalemu, ni mwendo wa siku tatu nne kwa miguu, kwa hiyo aliyekumbuka jirani yake wa kijijini alikuwa na safari ya kwenda na kurudi ya wiki nzima. Ni usumbufu kweli kweli, lakini hakuambiwa asubiri mwaka mpaka awe mtakatifu. Ukiacha kwaya sasa hivi utapata tu nafasi ya kuendelea na kisado bila dhamiri kukusumbua Jumapili. Imba, ila anza safari wiki hii hii.

Mimi mwenyewe ninapoandika haya sio msafi wa kuzaliwa. Miaka ya nyuma niliwahi kupeleka kwa mhazini wa usharika risiti ya petroli iliyoongezwa elfu kumi, na wiki hiyo hiyo nikahubiri habari za Anania na Safira, wale waliodanganya mitume kuhusu pesa, nikahubiri kwa moto watu wakalia. Ilinichukua miezi miwili kurudi kwa yule mama mhazini. Alipokea ile noti, akaandika kwenye kitabu, hakuniambia neno, na kile kimya nakikumbuka kuliko mahubiri yoyote.

Kuhusu kurudisha, usianze na usiowajua, anza na unaowajua. Wakulima wako unawajua kwa majina na namba za simu unazo. Walawi 6:5 inasema aliyepunja arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano, na Zakayo, yule mtoza ushuru, akaenda mbali zaidi, mara nne. Mimi sikupangii hesabu, najua mtaji wa viazi ulivyo, ila kwa kuanzia nunua gunia la haki lisilozidi kilo 100 kwenye mizani, na lile deni la nyuma lipunguze kila ukienda mzigo. Wateja usiowajua, Hesabu 5:8 inasema kama hakuna wa kurudishiwa basi ni ya Bwana, apewe kuhani, nakuona unacheka unasema mchungaji anavutia kwake! Usilete kwangu. Fanya kama Zakayo, wape maskini, pale sokoni kuna bibi wangapi wanaookota viazi vilivyoanguka.

Kile kisado kigonge kitako kirudi nje, na kama bei lazima ipande, ipandishe waziwazi. Sitakudanganya kwamba ukiacha Mungu atakujazia wateja, kuna wiki utauza kidogo na wenzako watakusema umejifanya mlokole. Wazee wetu wa ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika mpaka Bukoba na Kenya walichekwa hivyo hivyo walipokuwa wanarudisha vitu walivyoiba, wao waliita kutembea nuruni.

La mwisho, sio lazima usimame mbele ya usharika mzima kutangaza. Toba ifike pale kosa lilipofika. Ukienda shambani Isyonje na yule mzee akashangaa mbona leo unamwongezea hela, mwambie ukweli tu, mzee wangu magunia ya mwaka jana nilikupunja. Na akikasirika usimjibu kwa mstari wa Biblia wa kusamehe, mwache akasirike, viazi vilikuwa vyake.