Spea za A-10: kiwanda kilishafungwa, zinatoka wapi?

Swali: Nasomea ufundi wa ndege. A-10 Thunderbolt II ya Marekani, ile ya kushambulia shabaha za ardhini, iliacha kuundwa mwaka 1984. Spea zake zinapatikanaje? Na ni kweli kipuri cha kushoto kinafungika kulia? Je, spea za injini za CRJ, ndege ndogo za abiria, zinaingiliana nayo?

Jibu: La kushoto na kulia ni kweli, ila si kwa kila kitu. Injini zake mbili za TF34, miguu mikuu ya kutulia na mikia ya wima vinaingiliana pande zote. Kampuni ya Fairchild Republic waliisanifu hivyo makusudi, ili kituo cha mbele, karibu na mapigano, kisilazimike kuweka stoo ya kila upande.

Spea zenyewe hutoka kwenye maghala ya jeshi, kwa wazabuni wanaotengeneza upya, na kwa kuchinja (yaani kufungua na kuchukua vipuri vya) ndege zilizoegeshwa kambi ya jeshi la anga ya Davis-Monthan, Arizona, ambako hewa kavu huchelewesha kutu.

Kipuri kilichosumbua kuliko vyote ni bawa. Ndege za awali zilikuwa na mabawa ya bati jembamba, na mwaka 2008 nyufa zilisababisha ndege zipatazo 130 zizuiwe kuruka. Boeing walikuwa wamepewa kandarasi ya mabawa mapya mwaka 2007. Seti 173 zilifungwa, ya mwisho mwaka 2019, na mwaka huohuo ikatolewa kandarasi nyingine. Bawa halichongwi kwa kuangalia la zamani tu: unahitaji michoro, vishikio vya kuundia na vipimo vya metali, na kiwanda kikifungwa, vishikio ndivyo hupotea kwanza.

Kuchinja ndege kunaonekana rahisi, lakini kuna mitego. Baadhi ya ndege zilizoegeshwa ni A-10A, toleo la awali, wakati zinazoruka zimeboreshwa kuwa A-10C, kwa hiyo vifaa vya umeme vya chumba cha rubani havilingani. Kipuri cha mwili wa ndege nacho hakifungwi kabla ya kusoma rekodi ya saa zake na kukagua matundu ya bolti. Ufa huanzia ukingoni mwa tundu, chini ya kichwa cha bolti, mahali jicho halifiki. Toa bolti, safisha rangi na mafuta, kisha pima kwa mkondo wa umeme. Rangi ya kupenya nayo inafaa, ila huonyesha tu ufa uliofika juu.

Oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) na mipira mingine usihamishe kabisa, funga mipya. Angalia tarehe ya kuivishwa mpira kwenye pakiti, na angalia aina. Ndege za kijeshi za Marekani hutumia mafuta mekundu ya haidroliki, ambayo oringi yake ni ya mpira aina ya nitrili. Ukiweka ya EPDM, mpira wa aina nyingine uliokusudiwa Skydrol, mafuta ya haidroliki ya ndege kubwa za abiria, itavimba na kulegea, na uvujaji utafuata. Zote mbili ni nyeusi, macho hayatakusaidia.

Soma pia lebo. Ya njano maana yake kipuri kinafaa kutumika. Ya kijani ni kibovu kinachotengenezeka, na hapo wageni hujikwaa kwa kudhani kijani ni ruhusa. Nyekundu ni cha kutupwa. Namba ya ghala ina tarakimu 13: nne za mwanzo ni kundi (1560 ni sehemu za mwili wa ndege, 1630 magurudumu na breki, 2840 injini za jeti za ndege), mbili zinazofuata ni nchi iliyoisajili, saba za mwisho ni za kipuri chenyewe.

Kuhusu CRJ: CF34, injini ya CRJ, imezaliwa na TF34, na CRJ900 za Uganda Airlines zinatumia CF34-8C. Hilo halifanyi spea ziingiliane. Familia ya -8C ilisanifiwa upya kwa kiasi kikubwa. Linganisha namba ya kipuri na katalogi ya injini husika; hata herufi moja ya mwisho ikitofautiana, usifunge mpaka katalogi yenyewe iandike kwamba mbadala huo unakubalika.