Ukipata kazi saiti, ulizia choo kwanza

Wiki iliyopita kuna binti kanitumia meseji, kamaliza chuo mwaka huu, kapata nafasi ya kazi saiti, yani kwenye eneo la ujenzi, kwa mkandarasi mmoja hapa Dar na anaanza Jumatatu, anauliza dada nijiandaeje nisije nikaonekana mzigo mbele ya wanaume. Nadhani alitegemea nimwambie habari za buti na kusoma michoro. Nikamjibu siku ya kwanza, kabla hujapokea hata kofia, uliza choo cha wanawake kiko wapi. Akatuma vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Jamani sikuwa natania, na kwa kuwa meseji haitoshi kueleza ndo nimekaa niandike yote hapa.

Mimi ni QS, kwa wasiojua ni mkadiriaji majenzi, yani yule anayepima kazi na kuitia bei, kila kitu kwangu ni mita, kilo, idadi na reti. Nina miaka kumi na nne kwenye hii kazi. Saiti yangu ya kwanza ilikuwa jengo la ghorofa nne huko Tegeta, wanaume kama themanini hivi, wanawake tuko tisa, mimi, dada wa stoo na saidia fundi saba, bila kumhesabu mama ntilie. Vyoo viwili vya mabati, havina komeo, mlango unaushikilia kwa mkono mmoja huku umechuchumaa na nje kuna foleni ya mafundi wanapiga stori. Unajua nilitatuaje? Nikaacha kunywa maji. Jua la Dar la mwezi wa pili lile, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, sinywi kitu, nikifika nyumbani nakunywa jagi zima nimesimama jikoni.

Miezi minne UTI mara tatu. Na ujinga wangu mkubwa uko hapa, maana kila nikiomba ruhusa nilikuwa namwambia bosi ni malaria, naanzaje kumwambia mzee wa watu habari za mkojo? Kwa hiyo yeye anachokiona ni dada mmoja anayeumwa umwa. Siku moja nikamsikia kwenye simu anamwambia mwenzake mradi unaofuata niletee kijana wa kiume, hawa mabinti saiti hawaiwezi. Nilikaa kwenye ngazi nikawaza, kumbe choo kimeshageuka ushahidi kwamba wanawake ni dhaifu, na ushahidi wenyewe nimemkabidhi mimi kwa mkono wangu.

Nikafanya kitu ninachokijua. Wiki nzima nikapima. Kwa kuvikimbia vile vyoo vya mabati, wanawake wote tulikuwa tunaenda nyumba ya jirani nyuma ya saiti, mama mmoja alituuzia choo kwa shilingi mia mbili, kwenda kurudi na foleni ni dakika ishirini na tano, kwa siku mara mbili. Watu tisa mara dakika hamsini ni dakika 450, saa saba na nusu, yani kila siku kampuni inamlipa mtu mmoja mzima awe njiani anaenda chooni. Chini yake nikaandika bei ya mabati, mbao, komeo na fundi wa siku mbili. Karatasi moja tu. Bosi akaisoma hata dakika mbili hazikuisha akamwita foremani. Choo kikajengwa Jumanne na Jumatano. Mimi nilikuwa nimeona aibu karibu mwaka mzima, kumbe ni kazi ya Jumanne na Jumatano!

Baadaye ndo nikajua hata sheria ilikuwa upande wangu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka vyoo vya wanaume na wanawake vitenganishwe, na mkataba wa kimataifa wa kazi namba 167 wa mwaka 1988 unaohusu ujenzi nao unasema hivyo hivyo. Hata hivyo mimi sheria huwa naiweka nyuma. Kwanza hesabu, wakigoma ndo kifungu.

Tuje kwenye kuitwa. Saiti zetu ukivaa kofia nyeupe wewe ni injinia, hata kama ni dereva wa bosi kaazima. Nimewahi kusimama na kijana wa mafunzo kwa vitendo, wiki yake ya pili, wote tuna kofia nyeupe, anakuja fundi plasta anamuuliza yeye, injinia, ule ukuta wa nyuma mmeshanipimia? Kijana ananigeukia mimi. Namjibu fundi, mita ngapi, tumetoa madirisha mangapi, hela inatoka lini. Fundi anasikiliza vizuri, halafu anamshika mkono kijana, asante sana injinia. Na mimi, sista mchana mwema.

Zamani ningelia. Siku hizi nimeandika QS na jina langu kwenye kofia kwa maka peni nyeusi, na vijana wanaokuja kujifunza nawaambia siku ya kwanza kabisa, ukiulizwa kitu changu usijibu kwa kunionea huruma, sema muulize QS huyu hapa. Wakishalipwa mara mbili kwa vipimo vyangu jina wanalijua wenyewe.

Rais Samia alipoapishwa Machi 19, 2021, siku kadhaa mbele tumerudi saiti, foremani akanipokea getini, madam sasa nchi mmeshika nyie! Nikamwambia asante, naomba ufunguo wa choo. Ufunguo alikuwa nao mlinzi na mlinzi kaenda kula. Msinielewe vibaya, yale mambo makubwa yana uzito wake, Anne Makinda kukaa kiti cha Spika 2010 mpaka 2015 mimi mwenyewe yalinijenga, na binti yangu leo haoni ajabu mwanamke kukagua gwaride. Ila Ikulu haiwezi kujua kwamba mlinzi wa saiti yetu kaondoka na ufunguo. Na zile khanga za sare za kila Machi 8 nazipokea, nazishona, lakini mwaka mmoja niliwaambia wazi ofisini kwamba hela ya keki ingetosha komeo tano.

Sasa hili la kuandika minitsi naomba mabinti mnisikilize vizuri maana linaonekana dogo. Kikao cha kwanza mwenyekiti atatupa macho mezani na kusema dada utatuandikia eeh, mwandiko wako mzuri. Niliandika miaka miwili. Tatizo la anayeandika ni kwamba haongei, mkono uko bize. Siku moja nimeuliza hivi zile mbao za slabu ya kwanza si tungezitumia tena ya pili badala ya kununua mpya, kimya, hakuna aliyejibu, dakika kumi mbele injinia akasema kitu kile kile, meza nzima ikaitikia kwa kichwa. Jioni nachapa minitsi nikajikuta nimeandika "Injinia alishauri mbao zitumike tena". Mimi! Kwa mkono wangu mwenyewe, wazo langu nimemwandikia mtu mwingine. Nililifuta nikaandika "QS alishauri, Injinia akaunga mkono", na hakuna aliyelalamika kwa sababu ndo ilivyokuwa. Kikao kilichofuata nikasema leo naandika, cha wiki mbili zijazo ataandika fulani, tutakwenda kwa zamu. Kulikuwa na kimya kibaya kidogo. Kikapita. (Angalia hata kamati ya wazazi shuleni kwenu, mwenyekiti baba, katibu mama, mweka hazina mama kwa sababu eti wanawake waaminifu na hela. Uaminifu wa kushika hela upo ila wa kushika kiti haupo, sijui inakuwaje.)

Kitu kilichonibadilisha zaidi ya vyote hakikunihusu mimi. Saiti moja huko Kigamboni vibarua wanaume walikuwa wanalipwa elfu kumi na tano kwa siku, wanawake elfu kumi. Nikamuuliza foremani akasema wanaume wanabeba mifuko ya simenti, wanawake wanaleta maji tu, kazi nyepesi. Haya. Siku hiyo nikakaa na daftari pale kwenye ngazi. Kuna mama mmoja, mtu mzima, anajifunga khanga kiunoni anakunja kata kichwani, ndoo ya lita ishirini, anapanda mpaka ghorofa ya pili, anamimina, anashuka. Alipanda mara 62. Lita ishirini za maji ni kilo ishirini, kwa hiyo kilo 1,240. Mfuko wa simenti kilo 50, ina maana yule mama alipandisha kichwani kwake mifuko karibu ishirini na tano. Kijana wa simenti niliyemhesabu siku hiyo hiyo alibeba kumi na nane, na hakupanda ngazi, ni kutoka stoo kwenda kwenye mikisa.

Nikampelekea foremani daftari. Akalishika muda mrefu, akasema QS wewe una matatizo. Wiki iliyofuata malipo ya wanawake yakapanda mpaka elfu kumi na tatu. Sio kumi na tano, nasema ukweli, sikufanikiwa kuwafikisha pale na mradi ukaisha. Yule mama hakuniambia asante wala nini, aliniuliza tu kama ile hesabu ningeweza kumwandikia kwenye karatasi aende nayo saiti nyingine.

Mshahara wangu mwenyewe niliuharibu mara ya kwanza. Nilikuta silipu ya mwenzangu kwenye printa, tumeajiriwa mwezi mmoja, kazi moja, ananizidi laki tatu. Nikaingia kwa bosi na hasira nikamtaja kwa jina. Kikao kizima kikawa nani kakuonyesha silipu, mwenzangu akaninunia miezi, hela hakuna. Kwa hiyo ukiligundua, meza mate kwanza. Nilirudi baada ya miezi sita na barua, miradi niliyosimamia, madai ya mkandarasi niliyoyakata na kiasi nilichookoa, na mstari mmoja kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Jina la mtu sikulitaja. Nikapata laki na nusu papo hapo, iliyobaki ikaja mkataba ulipoanza upya.

Mimba nitapita haraka maana mengi mnayajua. Likizo ni siku 84 kwa malipo, mapacha 100, unatoa taarifa miezi mitatu kabla ukiwa na cheti cha daktari, na ukirudi una haki ya saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Hizo saa mbili wengi hawaziombi. Mimi mwanzo nilikuwa nakamua maziwa ndani ya pikapu, vioo nimeziba na michoro ya jengo, mpaka nikaandika barua wakakubali niondoke saa mbili mapema. Na kina baba mna siku tatu zenu za malipo, zichukueni! Tulikuwa na fundi umeme kaomba zile siku tatu, ofisi nzima ikamcheka, unaenda kunyonyesha wewe? Akafuta ombi. Niliumia, maana siku anaporudi yeye akiwa na macho mekundu ya kukesha na mtoto ndo siku na mimi sitaonekana nimeleta mambo ya nyumbani kazini.

Na akitokea mwenye cheo anakwambia saini yake ipo ila mkaongelee chakula cha usiku, hiyo ni rushwa ya ngono, ipo kwenye sheria ya rushwa ya 2007, TAKUKURU wanapokea simu bure namba 113. Meseji zake usifute hata kama zinakutia kichefuchefu.

Siku hizi nikiandaa BOQ, yani ile orodha ya kazi zote za mradi ambayo mkandarasi anaijaza bei, kule mwanzoni panapowekwa kibao cha mradi, ofisi ya muda, maji na umeme, natia mstari wangu: choo cha muda cha wanawake, komeo la ndani, maji, ndoo yenye mfuniko. Wakandarasi wengine wanaandika sifuri. Nikiona sifuri napiga simu. Mmoja aliniambia QS huu mradi hauna mwanamke hata mmoja, nikaweke cha nini? Nikamuuliza, mimi nikija kupima kila mwezi nitaingia wapi. Akakaa kimya kidogo, akasema haya nimeweka laki nne.

Binti kanipigia jana jioni, siku yake ya kwanza. Choo kipo, anasema, na kibao cha wanawake kimebandikwa kabisa, ila ukifungua ndani wamepanga simenti. Nikamwambia ahesabu ni mifuko mingapi.