Kigingi Kisichohama: Majibu kwa Wafugaji wa Mbuzi na Kondoo

Masika yakishika, barua za wafugaji hufanana: mnyama kakonda, mnyama kavimba, mnyama anachechemea. Mara hii tumechagua sita. La kwanza limeulizwa na wengi, Unguja na Pemba, kwa hiyo jibu lake limekuwa refu.

Assalaam alaykum. Nina mbuzi wanne, nawafunga kwa kamba kondeni nyuma ya nyumba. Kila masika wananivimba chini ya taya na manyoya yanasimama. Mwaka huu mmoja amekufa. Tangu Machi nimewanywesha dawa ya minyoo mara tatu, kila mmoja kifuniko kimoja cha chupa. Mbona haisaidii?
*Mfugaji, Konde, Pemba*

Waalaykum salaam. Uvimbe huo ni maji. Utazame vizuri: jioni, baada ya mbuzi kushinda ameinamisha kichwa akila, huwa mkubwa, asubuhi umenywea. Unatokana na upungufu wa damu, na damu inanyonywa na mnyoo mwembamba kama uzi, wa sentimita mbili hivi, anayekaa tumbo la nne. Mnyoo mmoja hunyonya kama mililita 0.05 kwa siku. Si kitu. Lakini wakiwa elfu moja, jambo la kawaida masika, ni mililita 50: kikombe cha kahawa ya barazani, kila siku, kwa mnyama ambaye damu yake yote haifiki lita mbili.

Kabla ya kufungua chupa nyengine, tazama macho. Bonyeza kope ya juu taratibu, kisha vuta ya chini uone ngozi ya ndani, mchana, nje ya banda. Ikiwa nyekundu kama tikiti lililoiva, muache, hana haja ya dawa. Ikiwa ya waridi iliyopauka, mpe. Ikiwa nyeupe kama nyama ya dafu, mpe leo hii na mwite daktari wa mifugo, maana huyo hata kukimbizwa tu anaweza kuanguka akafa. Fanya hivyo kila wiki mbili wakati wa mvua. Kuwapa wote kwa pamoja kila mara, wazima na wagonjwa, ndiyo njia ya haraka ya kuifundisha minyoo kuizoea dawa.

Sasa kifuniko. Kifuniko si kipimo. Chukua futi ya fundi cherahani, upime kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa matakoni. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Ndiyo kilo zake. Mbuzi wa kifua sentimita 65 na urefu 60 ana kilo 23 na kidogo. Albendazoli, dawa ya minyoo, kwa mbuzi ni miligramu 10 kwa kila kilo, yaani miligramu 230. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: chupa zenye jina moja hazina nguvu moja. Ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 ndani ya mililita, kwa hiyo huyo anahitaji mililita 9.2. Ya asilimia 10 anahitaji 2.3 tu. Tena maelezo ya chupa nyingi yameandikwa kwa kondoo, na mwili wa mbuzi huiondoa dawa hii haraka zaidi, ndiyo maana kipimo cha kondoo kwa mbuzi hakitoshi. Usimpe mbuzi aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba, watoto huzaliwa na kasoro. Unapomnywesha, kichwa kiwe sawa na mgongo, pua isipande juu ya macho. Ukimwinua sana dawa huingia mapafuni. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, ulipitishe pembeni mwa mdomo hadi nyuma ya ulimi.

Ukishampa kwa kipimo sahihi na baada ya siku 10 hadi 14 kinyesi kikipelekwa maabara bado kina mayai tele, basi minyoo imeshaizoea albendazoli. Badili kundi la dawa, si jina la chupa tu. Levamisoli ni kundi jengine, ila hiyo uipime kwa mizani ya dhahabu: ikizidi, mbuzi hutetemeka na kutoka povu. Na kama unawafunga kandokando ya bonde la mpunga, mwambie daktari, kwani konokono wa majini hubeba minyoo bapa ya ini ambayo nayo huleta uvimbe huohuo, na levamisoli haiigusi.

Lakini hata ukipima vizuri, utakuwa unateka maji kwa pakacha kama kigingi hakihami. Mnyoo jike mmoja hutaga mayai elfu tano na zaidi kwa siku. Yanaanguka na kinyesi, na kwenye joto na unyevu wetu, siku tano hivi yameshakuwa mabuu yanayopanda kwenye jani lenye umande. Mbuzi aliyefungwa hapohapo anayala tena. Hata hivyo joto hilohilo humaliza nguvu za mabuu upesi: yasipopata mnyama, wiki nne hadi tano wengi wao wameshakufa.

Hesabu ndiyo hiyo. Kamba ya mita 4 humpa mbuzi duara la mita 50 za mraba. Panga sehemu kumi kwa kila mbuzi, maduara yasigusane. Kila baada ya siku tatu au nne hamisha kigingi, kabla mayai hayajawa mabuu. Ukimaliza ya kumi, ya kwanza imeshapumzika siku 30 hivi. Kila mbuzi anataka kilo nne hadi tano za majani mabichi kwa siku, na duara halitatosha siku zote. Ongezea matawi ya mfenesi, mlusina au mlonge, yaning'inizwe usawa wa kifua na si kutupwa chini. Asubuhi wasitoke mpaka umande ukauke. Huna nafasi ya sehemu kumi kwa mbuzi wanne? Basi wafunge wawili, wawili wale bandani, juu ya sakafu ya fito iliyoinuliwa mita moja, yenye nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya fito na fito ili kinyesi kianguke na kwato isizame.

Mbuzi wangu wawili walikula maganda ya muhogo niliyomenya mchana, saa moja haikupita wakafa. Wengine hula kila siku na hawadhuriki. Je, ni kijicho? Na machicha ya nazi, niwape?
*Msomaji, Makunduchi*

Ni sianidi. Muhogo, khasa ule mchungu, una kitu ambacho kikitafunwa kinageuka sumu hiyo, na kwenye ganda kimejaa zaidi kuliko kwenye nyama. Kiasi chake hupanda muhogo ukipata kiangazi, ndiyo maana shamba lilelile leo halidhuru na mwezi ujao linaua. Mnyama huhema kwa nguvu, huyumba, huanguka. Damu yake inakuwa nyekundu ya kung'aa. Dawa ya kudunga mshipani ipo kwa daktari, ila mara nyingi muda hautoshi.

Maganda yakatekate vipande vidogo, uyaanike juani kama makopa, siku tatu, yakivunjika kwa mkono ndiyo tayari. Yakipata mvua yakaota ukungu, yatupe. Majani ya muhogo nayo yanyaushwe siku nzima kwanza. Uliuliza pia machicha ya nazi: ya siku hiyohiyo, konzi mbili kwa mbuzi mkubwa, si zaidi. Yaliyolala yameshachacha, na mafuta mengi hulivuruga tumbo lisisage majani.

Jirani alikuwa na harusi. Usiku mbuzi wangu kakata kamba, kaingia uani, kala ukoko na mchele mbichi mpaka kashiba. Asubuhi amelala, anasaga meno, tumbo limejaa na kinyesi ni kama uji wenye harufu ya uchachu.
*Mama mfugaji, Mwera*

Pole, mama. Wanga ule umechacha tumboni ukawa tindikali, na tindikali inaingia kwenye damu. Usimpe uji, usimpe pumba. Chukua baikaboneti ya soda (siyo bekini pauda), gramu moja kwa kila kilo ya mnyama. Kwa mbuzi wa kilo 25 ni vijiko vitano vya chai vya msawazo. Ikoroge kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, umnyweshe kidogokidogo kichwa kikiwa sawa. Rudia baada ya saa sita. Mpe majani makavu tu kwa siku mbili, na umtembeze. Ikiwa hawezi kusimama, usingoje: daktari wa mifugo.

Nina kondoo watatu na mbuzi watano. Kondoo wanachechemea, kati ya kwato kunanuka. Niliwaogesha miguu kwa mrututu. Pia nawapa wote madini ya ng'ombe. Nafanya sawa?
*Msomaji, Mkoani*

Kwa mbuzi unaweza ukasalimika, kwa kondoo unacheza na roho zao. Mrututu ni chumvi ya shaba, na madini ya ng'ombe yana shaba pia. Ini la kondoo huiweka shaba kidogokidogo, wiki hata miezi, bila dalili. Halafu siku moja humwagika yote kwenye damu. Macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, na kwa kawaida haponi. Acha yote mawili leo. Tafuta madini yaliyoandikwa kuwa ya kondoo. Ukikosa, chumvi ya kawaida inatosha kuliko kuwatilia sumu.

Miguu: kata ukwato uliozidi kwa kisu kikali, kidogokidogo, uache pale unapoanza kuona rangi ya waridi. Vipande vichome moto. Kisha zinki salfeti, kilo moja kwenye lita kumi za maji, wasimame humo dakika tano hadi kumi, ukiziba pembeni wasinywe. Baadaye wakae saa nzima kwenye sakafu kavu, la sivyo dawa itaoshwa na tope. Rudia kila wiki mpaka harufu iishe.

Mbuzi wangu anazidi kukonda. Jirani anasema ni mbung'o wa msitu wa Jozani, wale nzi wanaoambukiza malale.
*Msomaji, Pete*

Sio. Mbung'o alitokomezwa Unguja miaka ya tisini: madume waliofanywa tasa kwa mionzi walilelewa Tanga na kumwagwa kwa ndege tangu 1994, na mbung'o wa mwituni wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Vuta kope ya chini, kisha soma jibu la Konde.

Nataka mbuzi wa udhiya sikukuu ya mfunguo tatu. Muuzaji ananionyesha pembe, ati ana miaka miwili. Nitajuaje?
*Msomaji, Chwaka*

Pembe hazina kalenda. Fungua mdomo, tazama meno ya mbele ya chini. Juu hana, usishituke. Ya utotoni ni madogo na membamba, manane. Jozi ya kati huanguka na kuota makubwa mnyama akiwa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Jozi ya pili hufuata karibu na miaka miwili. Kwa madhehebu ya Shafi, mbuzi awe ametimiza miaka miwili na kondoo mwaka mmoja. Kwa mbuzi, basi, tafuta meno manne makubwa. Akiwa na mawili tu, muulize muuzaji mawili mengine yako wapi. Malisho na asili ya mnyama huweza kusogeza miezi kadhaa, kwa hiyo aliye mpakani bora umuulize sheikh wako. Kisha mtembeze: asiwe kilema wa wazi, chongo, mgonjwa wala gofu la mifupa, mguse uti wa mgongo, manyoya hudanganya.

Ukimnunua mapema na nyumbani unao wengine, hasa akiwa ameshuka na chombo kutoka bara, mfunge mbali nao siku 21, na ndoo yake mwenyewe.