Nilifunga mauntingi ngumu, mama akauliza kama gari lina homa

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Masasi kanitumia ujumbe saa sita usiku: "Kaka shikamoo. Nimevuta Altezza RS200 ya gia sita. Nataka nifunge shoti shifta na mauntingi ngumu za injini. Gari itachanganya?" Shoti shifta ni mkono wa gia wa safari fupi; mauntingi ni vile vishikio vinavyokalisha injini kwenye gari.

Nilicheka, halafu nikanuna. Nilicheka kwa sababu swali hilohilo niliuliza mimi mwishoni mwa 2023, karibu kwa maneno hayohayo. Nikanuna kwa sababu niliyemuuliza alinijibu, "Funga baba, utaniambia," na hiyo "utaniambia" ikala karibu milioni moja ya korosho zangu. Leo namwambia, kama anasoma.

Gari lenyewe si la kubeza, nisieleweke vibaya. Toyota waliitoa Altezza huko Japani mwaka 1998, na RS200 ya gia za mkono iliandikwa nguvu za farasi 210 kutoka kwenye injini ya lita mbili, silinda nne, bila tabo. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Usiichanganye na AS200 ya silinda sita, ile yenye sauti ya bwana harusi na mbio za mzee wa kanzu. Yangu nikipita nayo Bima, hapa Mtwara, jioni, watu walikuwa wanageuza shingo. Nasema kweli.

Shida yake ilikuwa moja: mkono wa gia ulikuwa unacheza kama mwiko kwenye sufuria ya uji. Namba mbili unaitafuta, namba nne unaibahatisha. Nikaingia mtandaoni, nikaona Wajapani na Waingereza na vimikono vyao vifupi, gia zinaingia tik, tik, tik. Moyo ukaondoka.

Shoti shifta nikaipata kwa wakala wa Dar kwa laki tatu na nusu. Mauntingi ngumu, zile za poliuretheni badala ya raba, laki sita na kitu pamoja na ya giaboksi. Mzigo ukashuka na basi, fundi wangu wa Magomeni akafunga kwa siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa mfalme.

Maana hapo mwanzo raha ipo, siwezi kudanganya. Mkono wa gia ni wenzo tu. Chini una mguu unaosukuma vyuma vya ndani, katikati una kitufe kinachozunguka, juu ndipo unaposhika wewe. Shoti shifta inarefusha upande wa chini au kufupisha wa juu, kwa hiyo kiganja kinasafiri kidogo. Ila ulichookoa kwenye umbali unakilipa kwa nguvu. Gia inakuwa nzito, na zile sinkronaiza za ndani, zenye kazi ya kulinganisha mwendo kabla meno hayajakutana, hazikuongezewa haraka yoyote. Ukizikimbiza, zinalia. Yangu ilianza kulia namba mbili asubuhi, oili ikiwa bado ya baridi. Krrr. Mtaa mzima wa Shangani unasikia.

Mauntingi nazo zina hoja yake. Kwenye Altezza mkono wa gia umekaa juu ya giaboksi yenyewe, hakuna waya katikati. Injini ikijipinda, mkono unajipinda nayo. Na inajipinda kweli: msokoto wa injini ile ni Nyutonimita 216, gia namba moja inauzidisha mara 3.874, kwa hiyo ukikanyaga hadi chini mauntingi zinapambana na zaidi ya 830. Raba iliyochoka haiwezi. Kwa hiyo ukiweka ngumu, mguu ukigusa pedeli gari linajibu palepale, halina ule mnyumbuko. Wenye magari yanayovuta mbele, injini imelala kwa upana, wanafaidi zaidi, kwa sababu tairi zao huruka-ruka wakiondoka kwa fujo. Wenye Subaru wana fito na viungo vya gia vyenye bushi zake, vile vipete vya raba au plastiki vinavyokaa kwenye maungio. Hizo watazame kwanza.

Lakini gari lilichanganya? Nilipima kwa simu, mara tatu kabla na mara tatu baada, kutoka kusimama hadi mia. Tofauti ilikuwa ya kidole changu kwenye kioo. Farasi walikuwa walewale, hakuna aliyezaliwa.

Sasa nije kwenye safari ya Lindi, maana ndiyo inayoniuma.

Nilikuwa nampeleka mama kwenye msiba wa dada yake. Amekaa mbele, kanga mbili, mfuko wa mabumunda mapajani. Tukasimama Mikindani kununua maji. Gari liko sailensi, yaani injini inanguruma bila mguu kwenye pedeli, kiyoyozi kimewaka, na hapo ndipo mauntingi ngumu zinapovua nguo. Funguo kwenye kisahani zinacheza ngoma. Kioo cha kati kinatetemeka hadi lori la saruji lililokuwa nyuma yetu silijui ni moja au mawili. Mama kaweka kiganja kwenye dashibodi, kimya kidogo, kama anayempima mtoto paji la uso.

"Mwanangu, hili gari lina homa?"

"Hapana mama, ni la michezo."

"Michezo gani hiyo ya kutetemeka?"

Sikujibu. Kabla ya Mnazi Mmoja nikataka kulipita lori jingine. Nikavuta kutoka namba tatu kwenda nne, kwa ubishi wa kuonyesha, na kwa sababu njia za gia zimebana kuliko nilivyozoea, nikaangukia mbili. Injini ilipiga ukelele sijawahi kuusikia, nyuma ikakaza, mabumunda yakamwagika sakafuni. Niliwahi kukanyaga klachi, nikarudi nyuma ya lori. Injini haikufa, Mungu mkubwa. Mama hakusema neno hadi Lindi. Kurudi alipanda basi.

Vijana wa Kusini tuna ugonjwa, na mimi ni mgonjwa namba moja. Korosho zikilipa tu, pesa haijapoa mfukoni tunatafuta kitu cha kufunga kwenye gari, kitu chenye jina, cha kutaja kijiweni. Hakuna anayekaa kijiweni akajisifu kwamba amebadili bushi. Tunanunua jibu kabla hatujauliza ugonjwa.

Bushi nimeitaja makusudi. Mwezi wa nne mwaka uliofuata ekzosi ilipasuka kishikio kwa mtikisiko, nikaenda kwa fundi mwingine, mzee asiyeongea sana. Alichomoa mkono wa gia, akatoa kitu kidogo cha plastiki kilichokuwa mguuni pake, ukubwa wa kifuniko cha soda, kimelika upande mmoja mpaka kimekuwa mwezi mchanga. Akakiweka mezani mbele yangu. "Hiki ndicho kilikuwa kinakusumbua. Elfu nane." Yule wa kwanza alikiona wakati anafunga, lazima alikiona, akakirudisha hivyohivyo. Sijamsamehe, na tunaswali msikiti mmoja.

Nikaagiza bushi, oili mpya ya giaboksi ya 75W-90, na mauntingi mpya za raba za kiwandani. Mzigo ukaja Mei 2024, yaani haukuja, kwa sababu mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga na kifurushi changu kikalala njiani na abiria. Ulipofika na kufungwa, niliwasha gari nikadhani limezimika. Gia zinaingia vizuri. Si tik tik za mtandaoni, lakini namba mbili ipo pale ulipoiacha.

Kwa hiyo dogo, nilimwandikia hivi: gari la umri huo raba zake zimeshakufa, weka mpya za kawaida kwanza. Badili bushi. Badili oili. Endesha mwezi mzima. Bado ukitaka shoti shifta, chukua isiyofupisha sana, na mimi yangu sijaitoa, nimeizoea. Mauntingi ngumu waachie wanaoshindana uwanjani na kurudi nyumbani kwa gari lingine. Kama una mama, mpandishe kwanza kwenye gari la mwenye nazo, kaeni sailensi dakika tano, kiyoyozi kimewaka, halafu muulize yeye. Nikaongeza na ya matumizi ya pesa, na ya kusikiliza wakubwa, na ya ada za shule. Ujumbe ulikuwa mrefu kama hotuba ya Ijumaa.

Kajibu asubuhi. "Asante sana kaka, nimekuelewa kabisa. Zile ngumu ulizotoa bado unazo? Unauzaje?"

Zipo chini ya kitanda, kwenye boksi lake. Nimemtajia laki mbili na nusu, maongezi yapo.