Mtoto wa miaka 5 na visa vya mitume: nilivyoanza mimi

Wa alaykum salaam dada. Umeuliza mwanao ana miaka 5, kila ukianza kumsimulia visa vya mitume anasinzia au anadai simu, sasa uanzie wapi na je hizi katuni za YouTube zinafaa. Mi nina watatu na jioni baada ya alasiri nasomesha wadogo Qur'ani chuoni (madrasa) hapa Tanga, huu mwaka wa tisa, nitakwambia nilichopitia mwenyewe.

Kwanza usianze na Nabii Adam ukaenda hivyo kwa foleni mpaka Mtume wetu (s.a.w.). Mwanangu wa kwanza nilimfanya hivyo, nikamkaririsha majina yote 25 yaliyotajwa kwenye Qur'ani, akawa anayaimba vizuri kabisa mbele ya wageni, siku nimemuuliza Nabii Saleh alifanya nini akanitumbulia macho. Yaani majina anayo ila watu wenyewe hawajui. Wa pili nikabadilisha, nikaanza na sura ambazo tayari kazihifadhi chuoni. Mtoto anasoma Alam tara kayfa (Surat al-Fil) kila siku, aya tano tu, na hajui kama mule ndani kuna tembo! Siku nilipomwambia kwamba kuna mfalme aliitwa Abraha alitoka Yemen na jeshi lake na tembo kwenda kuvunja Alkaaba, Mungu akaleta ndege na vijiwe, na ndo mwaka aliozaliwa Mtume wetu, alinishika mkono akaniambia mama kumbe naijua hii. Hapo nikapata njia. Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Qur'ani, imejaa visa, Wash-shamsi yumo ngamia wa watu wa Thamud aliyekuja na Nabii Saleh, An-Naziat yumo Nabii Musa na Firauni, kwa hiyo kisa kinaingia kwenye kitu ambacho mtoto anacho mdomoni tayari.

Sasa hili naomba ulisome kwa makini kwa sababu liliniumiza sana. Huyo wa pili alikuwa na miaka 6, ilikuwa siku tatu kabla ya Idi Kubwa, mbuzi kafungwa nyuma ya nyumba, na mimi usiku nikamsimulia kisa cha Nabii Ibrahim kuota anamchinja mwanawe, tena nikakisimulia kwa nguvu, kisu na kulala kifudifudi na kila kitu, halafu mtoto mdogo akalia chumbani nikaondoka kisa hakijafika mwisho. Asubuhi baba yake ananoa kisu uani, mtoto hayupo. Tumemtafuta tukamkuta nyumba ya bibi yake, kajificha, anatetemeka, anamuuliza bibi kama na baba yeye kaota. Wallahi nililia. Baba yake alikaa naye kutwa nzima siku ile, akampakata akamwambia Mungu hakutaka mtoto achinjwe na hakuchinjwa, akaletewa mnyama badala yake, na ndo maana sisi tunachinja mbuzi. Na kuna kitu huwa tunakiruka: Nabii Ibrahim hakumvizia mwanawe, alimwambia nimeona ndotoni hivi, wewe waonaje? Alimuuliza! Baba nabii anamuuliza mtoto, na mtoto akajibu, baba fanya ulichoamrishwa. Nikimsimulia mdogo saa hizi naanza na mwisho kabisa, "leo nawapa kisa cha mtoto aliyepona", halafu ndo narudi nyuma. Na sikiachi katikati hata nyumba iwake moto.

Vile vile mtoto wa Nabii Nuh aliyekataa kupanda jahazi akazama, usikitumie kumtishia mwanao akikataa kuoga au kula. Nasikia wazazi wengi wanafanya hivi, mtoto anabaki na picha kwamba Mungu anamsubiri akosee.

Kisa ambacho kwangu hakijawahi kukataliwa ni cha Nabii Yunus aliyemezwa na samaki. Watoto wa pwani samaki wanawajua, watakuuliza alikuwa papa au nyangumi, mmoja aliniuliza kama ni silikanti yule samaki wa kale wanayemnasa huku kwetu. Nikawaambia Qur'ani imesema samaki tu, tuishie hapo. Nawafundisha na dua yake, La ilaha illa anta subhanaka inni kuntu mina dhalimin. Usiku umeme ukikatika nawaambia Nabii Yunus alikuwa na giza la usiku na la bahari na la tumbo la samaki, na Mungu akamsikia. Binti yangu alikuwa akipiga kelele umeme ukikatika, sasa anaisoma hiyo dua polepole mpaka taa ya chaji iwashwe.

Usitie chumvi. Mi mwenyewe nilikua naambiwa Nabii Ayyub aliliwa na funza mwilini, nimefungua tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy sijaikuta kwenye aya, aya inasema alipatwa na dhara akamuomba Mola wake. Na Hawa kumdanganya mumewe pia, Qur'ani inasema shetani aliwatia wasiwasi wote wawili, na tunda halikutajwa ni tunda gani. Ukiwa na binti nyumbani hilo lina uzito. Basi fungua tafsiri mchana, usome kwanza, usiku ndo usimulie kwa mdomo wako.

Kuhusu katuni, zile zinazochora sura za mitume mi nimezifuta, masheikh wetu wanakataza na mtoto akishaona uso haumtoki tena. Zenye wanyama tu naangalia naye, si kumwachia simu. Mpe kazi, mwambie awe sisimizi yule aliyewaambia wenzie waingie majumbani wasikanyagwe na jeshi la Nabii Suleiman, na wewe uwe Suleiman, utabasamu kama alivyotabasamu. Wangu baada ya hapo akawa anaruka sisimizi njiani kwenda chuoni.

Kisa cha Nabii Lut kiache kwanza mpaka wakue. Na Surat Yusuf ina aya 111, usiimalize usiku mmoja, kwetu ilichukua Ramadhani nzima, pale Yusuf alipotupwa kisimani na ndugu zake tu tulikaa siku nne kwa sababu watoto hawakutaka kutoka bila kujua nani atamtoa.