Fidia ya korona ya tajiri wangu ni siri?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nafanya kibarua kwenye mabanda ya nguruwe huku Iowa, Marekani. Mwaka 2020 tajiri alilipwa fidia ya korona na serikali, sisi tukapunguziwa saa. Naweza kujua alipata kiasi gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaweza. Mpango ule, CFAP, ulitangazwa Aprili 2020 ukiwa na dola bilioni 16 za kuwalipa wakulima moja kwa moja. Ukomo ulikuwa dola 250,000 kwa mtu. Kampuni yenye wanahisa watatu wanaofanya kazi shambani iliweza kufika 750,000, kwa hiyo usitafute jina la tajiri wako peke yake, tafuta na la kampuni.

Sheria ya kilimo ya 2008 inaficha mengi ya mkulima, ramani za mashamba zikiwemo, ila jina la aliyelipwa, anwani na kiasi havimo kwenye siri hiyo. Iandikie Wizara ya Kilimo ombi la FOIA, yaani sheria ya Marekani ya kuomba habari za serikali. Taja kaunti, mwaka na jina la mpango. Ukiandika tu “nipeni habari za misaada” utasubiri hadi uchoke. Si lazima uwe raia, wala hudaiwi sababu.

Kuhusu saa zenu, pole. Fedha zile zilifidia hasara ya mfugaji, hazikumfunga kwa mishahara ya vibarua.